Makori Bila Jasho Hafi

Juma lililopita nilimpelekea fundi mmoja hapa Keroka simu yangu iliyopasuka kioo. Alikuwa anashughulika na televisheni ya zamani, zile zenye kisogo zilizobebwa na watu wawili, na alipoiwasha kuijaribu, vumbi lililolala ndani yake kwa miaka likaanza kuungua polepole. Kama wewe ni wa rika langu unaijua harufu hiyo. Si ya moshi hasa. Ni kama nguo iliyokaushwa na pasi ya makaa mpaka ikataka kushika moto. Fundi aliniuliza kitu kuhusu kile kioo nami nikasimama tu bila kumjibu, kwa sababu nilikuwa na miaka minane tena, nimekaa juu ya debe mbele ya watu waliojaa banda zima wakicheka, na nyuma ya shingo yangu nilihisi pumzi ya baba yangu.

Nimesema baba yangu, lakini nyumbani hatukumwita hivyo. Sisi ni Wagusii, na kwa lugha yetu tata ndiye baba, na baba ndiye mama. Nilipoingia darasa la kwanza, mwalimu wa Kiswahili alihangaika nami wiki nzima kabla sijakubali kwamba baba ana ndevu. Kwa hiyo hapa nitamwita Tata, kama nilivyomwita.

Tata aliitwa Nyabuto, lakini mjini Keroka watu walimjua kama Mtafsiri. Siku za kawaida alichuma majani chai pamoja na Mama katika kishamba chetu upande wa Nyamira. Siku ya soko na Jumapili mchana alishuka mjini, kwenye banda la video lililokuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yake yamezibwa kwa magunia ya katani ambayo mvua iliyalowesha yakanuka kama ng'ombe. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni moja juu ya meza ndefu, na jenereta iliyounguruma nje. Filamu zilikuwa za Kiingereza cha kusemea puani ambacho hakuna aliyekishika. Tata alipunguza sauti ya filamu mpaka ikafa, akashika kipaza sauti, akaanza kuwaeleza watu wanachokiona.

Hakuwa anatafsiri kitu. Hilo nililijua baadaye sana. Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha kusoma karatasi ya dawa ya ng'ombe, basi. Yale mengine aliyatunga palepale.

Filamu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za yule jasusi wa suti nyeusi ambaye kila mwaka walimtengenezea filamu nyingine. Jina lake la kweli sisi watoto hatukuwahi kulijua. Tata alimpa jina la Makori Bila Jasho, kwa kuwa alikimbizwa juu ya mapaa, akaangushwa kutoka kwenye ndege, akazama baharini na gari zima, na bado shati lake likabaki limenyooka. Makori, kwa maelezo ya Tata, aliajiriwa na Wizara ya Mambo Yasiyokuhusu. Adui yake mkubwa alikuwa Daktari Ndizi Mbichi, mzee mwenye kiti kikubwa, ambaye mpango wake ulikuwa kuukunja mlima wetu wa Manga kama mkeka na kwenda kuuza ng'ambo.

"Makori!" Tata aliunguruma kwa sauti ya Daktari. "Umechelewa! Manga imeshafungwa kamba! Sasa nitakueleza mpango wangu wote, toka mwanzo mpaka mwisho, maana sina mtu mwingine wa kuzungumza naye!"

Kisha, kwa sauti laini ya Makori: "Eleza tu, daktari. Lakini kwanza niletee maziwa lala. Nimetoka mbali."

Watu waliangua kicheko mpaka mabenchi yakalia. Na jasusi alipomkumbatia mwanamke, Tata alivua koti lake, akalitupa juu ya kioo cha televisheni, akasema kwa upole wa mtu wa zahanati: "Hapa Makori anapimwa malaria. Tafadhali tusubiri majibu."

"Toa koti!" vijana walipiga kelele. "Sisi pia tuko na malaria!"

Kulikuwa na jambo moja lililowasumbua watazamaji. Filamu zilikuwa za miaka mingi, na kila baada ya muda fulani jasusi aliigizwa na mtu mwingine. Jina lilelile, suti ileile, lakini pua mpya. Siku moja mwanamume mmoja muuza viatu alisimama katikati ya filamu akalalamika.

"Mtafsiri, huyu si Makori. Makori alikuwa na nyusi nene. Huyu ni nani?"

Tata hakusita hata kidogo. "Ni yeye," akasema. "Makori hafi. Akifikia kufa, Wizara inamchukua, inambadilisha sura, anarudi kazini. Sura ya zamani wanaiacha hukohuko."

Watu walicheka, filamu ikaendelea. Mimi sikucheka. Nililiweka neno hilo kichwani jinsi mtoto anavyoweka mambo ya Mungu.

Mama hakuwahi kuingia kwenye banda lile. Alikuwa Msabato wa kweli, na mambo ya filamu aliyaona kuwa ya dunia. Lakini hakumzuia Tata kunichukua, nadhani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na chai ya kuchuma, na kwa sababu nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Ilianza na ugali. Kwetu jioni Tata na mimi tulikula nyumba kubwa, mezani, na Mama alikula kwenye kibanda cha jikoni, karibu na moto, akimnyonyesha mdogo wangu. Jioni moja Tata alimeza tonge, akasimama ghafla, akaenda mlangoni akainama. Nilidhani amepaliwa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akalitazama donge la ugali wa wimbi lililobaki, akanitazama mimi, halafu ile sura ya banda la video ikamjia usoni, nyusi moja juu.

"Ajenti Kemunto," akanong'ona. "Wizara imekupa kazi."

"Kazi gani?" nikanong'ona pia.

"Ugali huu una ujumbe wa siri ndani yake. Lazima uliwe wote kabla adui hajaingia. Mimi nimeshakula sehemu yangu. Na mtu yeyote asijue. Hata Mama."

Nikaula. Ulikuwa mwingi, nikaula wote, na mboga zake, kisha nikampigia saluti. Mama alipoingia kuchukua vyombo akakuta sahani nyeupe, akatabasamu, maana mwanamke wa kwetu hufurahi akiona sahani ya mumewe imerudi hivyo.

Kazi hiyo niliifanya jioni baada ya jioni. Mwanzoni Tata alikula kidogo, akiloweka tonge kwenye mchuzi na kulitafuna mpaka ningeweza kuhesabu hadi thelathini. Baadaye alikunywa mchuzi peke yake. Baadaye ilikuwa chai ya maziwa, funda moja, kisha anatulia na kidole kimeinuliwa kama mtu anayesikiliza hatua nje, akingoja kuona kama itapita. Mimi nilikula. Siku nyingine tumbo liliniuma, nikaenda nyuma ya nyumba kutapika, nikarudi kumalizia. Niliona hayo ndiyo mateso ya kazi. Makori mwenyewe alikuwa akiteswa katika kila filamu.

Nilinenepa. Mashavu yangu yalijaa mpaka jirani yetu, mama mmoja aliyependa kupita kwetu kuomba moto, akamwambia Mama, "Huyu msichana wako anakula nini siku hizi? Anang'aa." Mama akajibu kwamba nimerithi mwili wa bibi yangu. Tata alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, na shati lake lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani kana kwamba ameazima. Akanikonyeza.

Nimerudi kwenye ukonyezo huo mara nyingi maishani. Nimejaribu kuuona kama upendo, na siku nyingine nimeuona kama woga wa mtu mzima aliyejificha nyuma ya mtoto. Nadhani alijua. Nadhani alijua tangu lile tonge la kwanza, kwa kuwa baba yake pia alikufa asiweze kumeza, na jambo hilo nyumbani kwetu halikutajwa. Lakini wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba kati ya watu wote duniani Tata alinichagua mimi.

Kisha sauti yake ikaanza kwenda. Kwanza ilikwaruza. Daktari Ndizi Mbichi akapata sauti ya kutisha zaidi na watu wakashangilia. Wiki chache baadaye ikawa mnong'ono, na watazamaji wakawa wanainama mbele kwenye mabenchi yao, wakidhani ndiyo mtindo mpya, ndiyo namna majasusi wanavyozungumza. Jumapili moja tulifika kwenye kipande ambacho jasusi amefungwa kwenye kiti cha chuma na adui anazunguka akimhubiria. Tata alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kipaza sauti kikachukua pumzi tu, na mkwaruzo kama wa jiko la bati likiburutwa sakafuni. Kisha akakohoa ndani ya leso, akakohoa muda mrefu, na banda zima likavunjika mbavu. Walidhani Makori ndiye anayekohoa. Walipiga miguu chini. Yule muuza viatu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nami nilicheka kuwapita wote, kwa sababu nilikuwa najivunia.

Tata aliikunja leso haraka akaitia mfukoni. Akanivuta na debe langu, akanipa kipaza sauti, akaweka mdomo wake nyuma ya sikio langu. Aliponong'ona neno, mimi nililisema kwa nguvu. Hivyo ndivyo tulivyoimaliza ile filamu, na nyingine iliyofuata. Pumzi yake ilinuka vibaya, kama maji ya maua yaliyokaa siku nyingi kanisani. Sikugeuza uso. Nilifikiri ni dawa aliyopewa na Wizara.

Mama aligundua kwa sababu ya mshipi. Ilikuwa asubuhi ya Sabato, tunajiandaa kwenda kanisani, naye akauokota mshipi wa Tata kitandani ili ampe. Akausimamisha kwenye mwanga wa mlango. Tundu za dukani zilikuwa tano. Baada ya hizo kulikuwa na nyingine nne, zimetobolewa kwa msumari wa moto, kingo zake zimeungua.

"Hizi umetoboa lini?" akauliza.

Tata akanyoosha mkono kuuchukua mshipi. Mama hakuutoa.

"Nimekuuliza. Hizi tundu ni za lini?"

"Ni kazi tu," Tata akanong'ona. "Kazi nyingi."

Mama akamfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, mbele yangu, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Alipofika cha tatu akaacha. Akakaa kitandani, mshipi mapajani. Hatukwenda kanisani siku ile.

Walikwenda Kisii hospitalini, wakakaa huko siku nyingi, mimi na mdogo wangu tukalala kwa bibi. Waliporudi nikasikia watu wazima wakizungumza kwa sauti za chini: uvimbe katika njia ya chakula, umekuwa mkubwa, mngekuja mapema. Neno hilo, mapema, lilisemwa na kila aliyeingia. Sikulihusisha na mimi. Nilichokiona ni kwamba Tata alikuwa na mpira mwembamba uliotoka tumboni, chini kidogo ya mbavu, na Mama alimlisha uji mwepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Aliponiona nimetoa macho, Tata aliugusa ule mpira kwa kidole, akainua nyusi.

"Kifaa kipya?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa kukubali. Mama aligeukia ukutani.

Basi ikawa wazi kwangu. Uso wa Tata ulikuwa unabadilika kila siku. Mashavu yaliingia ndani, mifupa ikachomoza mahali ambapo haikuwako, nywele zikawa laini na nyekundunyekundu kama za mtoto mchanga, masikio yakawa makubwa. Hata rangi ilibadilika. Majirani waliokuja kumwona walitoka nje wakisema, "Si yeye tena." Walisema hivyo wakilia, na mimi nilisimama mlangoni nikiwahurumia kwa ujinga wao. Nilijua kilichokuwa kinafanyika. Kilichonishangaza ni kwamba sura mpya ilikuwa mbaya kuliko ya zamani, na nilitumaini hawajamaliza.

Alikufa asubuhi ya siku ya shule. Mwalimu aliniita nje ya darasa, akanipa mkono kama mtu mzima, akaniambia nirudi nyumbani. Njiani niliwasikia wanawake wakilia kutoka mbali. Shangazi mmoja akanikumbatia pale langoni akasema, "Tata ameenda, Kemunto. Ameenda." Nikamjibu, "Najua. Atarudi lini?" Akalia zaidi.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani juu ya viti viwili, chini ya turubai. Nilinyanyuliwa nimwone. Ilikuwa ile sura mbaya, imefungwa kitambaa kidevuni. Niliitazama vizuri. Nilikumbuka kwamba sura ya zamani huachwa, nikaridhika. Watu walisema, "Mtoto huyu ana moyo wa jiwe, hata chozi."

Mhubiri alikuwa katikati ya maombi lango lilipofunguliwa na mtu akaingia. Alikuwa amevaa suti nyeusi yenye vumbi hadi magotini. Alikuwa na paji la uso la Tata. Alikuwa na mwendo wa Tata, ule wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo. Mashavu yalikuwa yamejaa, shingo nene, mabega yanalijaza koti. Alipowasalimu watu waliokuwa karibu na lango, sauti yake ilitoka kubwa, nzima, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Niliruka kutoka mapajani mwa shangazi. Nilipita kati ya viti, nikaangusha kimoja.

"Tata!"

Yule mtu akainama akaninyanyua. "Ee, mwanangu," akasema. "Ee, mtoto wangu."

Wewe msomaji umeshaelewa. Alikuwa Ratemo, mdogo wake Tata, aliyefuatana naye kuzaliwa, aliyekuwa akifanya kazi mashamba ya maua Naivasha na hakuwa amerudi nyumbani tangu nikiwa mchanga. Kwa mila yetu ndugu wa baba naye ni tata. Mtoto wa ndugu yake alimwita ipasavyo, naye akaitika ipasavyo. Lakini mimi nilikuwa nimeitikiwa. Nilimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Wamekubadilisha vizuri," nikamwambia. "Nilidhani watakuacha na ile mbaya."

Hakunisikia, au alinisikia bila kuelewa. Alitembea nami mikononi mpaka kwenye jeneza, akatazama ndani, na ile sauti kubwa ikapasuka. Alilia kama ng'ombe. Nilitikisika mikononi mwake. Nikaanza kumpigapiga begani nikimwambia asilie, kwamba hiyo iliyomo ni sura ya zamani tu, kwamba tutaifukia na kwenda zetu. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wananitazama.

"Na jioni hii utakula ugali wako mwenyewe," nikasema. "Mimi nimechoka. Nimekula wako siku zote na sikumwambia mtu. Hata Mama sikumwambia."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea mguu wa meza. Akainua kichwa.

"Ugali gani?" akauliza.

Nilifikiri kazi imekwisha, kwa hiyo ningeweza kusema. Nikasema yote. Nilisema kwa sauti ya banda la video, ile niliyofundishwa, ili hata wa nyuma wasikie. Jinsi alivyosimama mlangoni siku ya kwanza. Jinsi nilivyokula, nikatapika, nikala tena. Chai, funda moja, kidole juu. Leso aliyoficha mfukoni. Niliposema leso, Ratemo alikuwa ameshaacha kulia.

Jirani yule wa kuomba moto ndiye aliyezungumza kwanza. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyepigwa na butwaa: "Kumbe huyu mtoto alijua tangu mwanzo."

Ratemo akaniweka chini. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na kwa karibu nikaona kovu dogo juu ya mdomo ambalo halikuwa la Tata, na meno ambayo hayakuwa ya Tata.

"Kemunto," akasema. "Mimi ni Ratemo. Ndugu yangu ni yule." Akaelekeza kidole kwenye jeneza. "Ni yule pale. Hakuna mwingine."

Hapo ndipo nilipojua. Sikumbuki mazishi yenyewe. Nakumbuka udongo mwekundu kwenye viatu vya watu, na kwamba mtu fulani alinipa andazi na nikalishika mkononi mpaka likawa unga.

Baada ya siku ile niliacha kula. Sikuamua. Tonge lilifika mdomoni na koo likafunga. Nilisikia yale maneno, mngekuja mapema, na yale mengine, alijua tangu mwanzo, na sasa yalikuwa yameungana. Mashavu yangu niliyachukia. Niliyabana kwa vidole nikiwa kitandani mpaka yakavimba, kwa kuwa yalikuwa nyama ya Tata, nilikuwa nimemla jioni baada ya jioni. Mama alinibembeleza, akanipikia ndizi, akanipikia wali wa sikukuu. Ratemo aliahirisha safari yake ya kurudi Naivasha, akaninunulia soda, akaniletea mkate. Nilikunywa maji. Siku moja nilianguka kwenye gwaride la asubuhi shuleni, wakanirudisha nyumbani kwa baiskeli.

Mama alimwambia Ratemo amchukue mdogo wangu nje. Akafunga mlango. Akakaa chini sakafuni mbele yangu, akiwa na bakuli la uji, na hakuniambia nile.

"Nilijua," akasema.

Nikamtazama.

"Siku ya pili tu ya mambo yenu nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Nikawaona. Nilimwona akisogeza sahani kwako. Nikakuona ukila." Alizungumza polepole, akiyatafuta maneno, macho yake kwenye bakuli. "Nikaogopa kuuliza. Nikajiambia itapita. Kila jioni nilisimama pale nikawatazama, nikanyamaza. Mimi ni mtu mzima, na nikanyamaza. Wewe ungefanya nini? Wewe ulitumwa."

"Uliona mpaka saluti?" nikauliza.

Akasita kidogo. "Hata saluti."

Nililia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nililia mpaka kamasi zikaingia kwenye uji, na Mama akanishikilia kichwa na kuninywesha hivyohivyo, kamasi na yote, na ukapita. Kesho yake nilikula nusu ya kiazi. Watu waliokuja kutuona siku zilizofuata Mama aliwaambia jambo lilelile, kwamba yeye aliona na akanyamaza. Ulipita muda mrefu kabla ya baadhi ya wanawake wa kanisani kumsalimu vizuri. Dada za Tata wengine hawajamsamehe hadi leo, na yeye hajawahi kujitetea. Mimi nikakua. Nilikasirika naye kwa miaka kadhaa nilipokuwa kwenye shule ya bweni, nikimwuliza kichwani kwa nini hakusema kitu. Kisha nikaacha, nikaolewa, nikapata watoto wangu.

Mama bado anaishi palepale, katika nyumba ileile. Anakataa kuvunjiwa lile jiko la zamani la udongo. Mwaka huu, wakati wa likizo, nilitoka kwenda kuchukua kuni, mvua ikanikuta uani nikakimbilia mlango wa jikoni kujikinga. Sijui kwa nini sikuwahi kusimama hapo kwa makini kabla ya siku hiyo. Mlango wa jikoni umetazama migomba. Ukigeuza shingo kushoto unaona choo. Nyumba kubwa iko kulia, na upande wake unaotazama jiko ni ukuta mtupu wa udongo, hauna dirisha wala tundu, haujawahi kuwa nalo. Meza tuliyokulia ilikuwa ng'ambo ya ukuta huo. Nilisogea hatua moja, mbili, nikainama, nikasimama kwenye kizingiti. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni. Hakuna mahali katika mlango ule ambapo mtu angeweza kutuona.

"Kemunto!" Mama aliita kutoka ndani. "Unafanya nini hapo kwenye mvua?"

"Natafuta kuni, Mama."

"Kuni ziko nyuma. Umesahau kwenu?"

"Nimesahau," nikamwambia, nikazunguka nyuma.